Kupamba upya chumba cha mtu na mdogo wake: matao, chapa na doti ya kanga

Ndugu watazamaji, karibuni. Katika video hii tutapamba upya chumba cha kulala kinachotumiwa na ndugu wawili wa kike, dada mwenye umri wa miaka 13 na mdogo wake mwenye miaka 8, katika nyumba ya matofali ya saruji mjini Tanga. Chumba kina urefu wa mita 3.6, upana wa mita 3 na kimo cha mita 2.7, yaani kile ambacho mafundi hukiita futi kumi kwa kumi na mbili. Mlango na dirisha viko kwenye kuta fupi, na vitanda ni viwili vya tatu kwa sita. Kazi hii inaweza kufanywa na familia yenyewe bila kumwajiri fundi, ilimradi msiruke hatua ya maandalizi. Walio katika nyumba za kupanga, tafadhali pateni kwanza idhini ya mwenye nyumba.

Kabla ya kwenda dukani, waketisheni wasichana wote wawili pamoja, kisha amueni mambo mawili: kipi kitakuwa cha wote, na kipi kitakuwa cha kila mmoja. Sisi tumekubaliana kwamba rangi ya msingi ya kuta na chapa ya ukutani ni vya wote wawili, na kwa hiyo hapana budi wote waridhie. Tao litakalochorwa nyuma ya kitanda ni la mwenye kitanda, na rangi yake anaichagua mwenyewe bila kuingiliwa. Jambo ambalo halichaguliwi ni vipimo. Matao yote mawili yatakuwa na upana uleule na kimo kilekile hadi sentimita ya mwisho, kwa maana mtoto akigundua kwamba fungu la mwenzake ni kubwa kuliko lake, hata kwa upana wa viganja viwili, chumba hicho hakitakuwa na amani. Dada amechagua kijani kilichofifia, mdogo wake amechagua rangi ya embe bivu, na msingi wetu ni nyeupe ya maziwa, ambayo inapatana na zote mbili.

Tunaanza na ukuta wenyewe, na hapa nitakawia kidogo, kwa sababu rangi nyingi zinazobabuka katika nyumba zetu za pwani hazibabuki kwa ubaya wa rangi bali kwa hali ya ukuta uliopakwa. Pitisheni kiganja kikavu juu ya ukuta. Tazameni mkono wangu: umetoka na unga mweupe. Hiyo ni dalili ya chokaa ya zamani, na rangi ya maji ikipakwa juu ya chokaa inayotoa unga itashikamana na unga huo badala ya ukuta, kisha itavuka kwa mapande. Chokaa hiyo isuguliwe kwa brashi ngumu na maji mpaka kiganja kitoke safi, ukuta uachwe ukauke, halafu upakwe praima, yaani rangi ya awali inayosaidia rangi ya juu kushika.

Jaribio la pili ni la unyevu. Kateni kipande cha nailoni angavu chenye ukubwa wa karatasi mbili za daftari, kibandikeni ukutani karibu na sakafu kwa tepu pande zote nne bila kuacha upenyo, mkiache kwa saa 24. Mkikuta matone upande wa ndani wa nailoni, yaani upande unaogusa ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta. Pengine yanapanda kutoka kwenye msingi au yanapenya kutoka nje, na hapo msipake chochote mpaka chanzo chake kizibwe. Matone yakiwa upande wa nje, ni unyevu wa hewa ya chumba tu, na dawa yake ni kufungua madirisha na kungoja siku kavu. Kwa sababu hiyo ningewashauri mlio pwani msianze kazi hii katikati ya masika. Miezi ya Juni hadi Septemba inafaa zaidi. Nyumba mpya nayo ina masharti yake: lipu ya saruji inahitaji takriban siku 28 kabla ya kupakwa rangi.

Sehemu ya chini ya ukuta huu, kama ilivyo katika nyumba nyingi za zamani, ilipakwa rangi ya mafuta inayong'aa. Rangi ya maji haishiki juu ya mng'ao, kwa hiyo ni lazima upigwe msasa. Naomba mnisikilize kwa makini hapa. Rangi za mafuta za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo, na vumbi lake ndilo njia yake kuu ya kuingia mwilini. Msasa wa aina hii upigwe ukiwa umelowa maji, namba 120, mpigaji avae barakoa, wasichana wakae nje ya chumba kabisa, na uchafu wote ufutwe kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagiwa. Mnaponunua rangi mpya, someni kopo na mhakikishe imeandikwa kwamba haina risasi.

Baada ya hapo jazeni nyufa na matundu ya misumari kwa puti, mkiisukuma ndani kwa skrepa na kuiacha iinuke kidogo juu ya ukuta, kwa kuwa hunywea inapokauka. Ikikauka, isawazisheni kwa msasa namba 220. Zimeni umeme kwenye swichi kuu, legezeni vifuniko vya swichi na soketi, halafu futeni vumbi lote.

Rangi ya msingi haihitaji maelezo marefu. Kuta zote nne zina takriban mita za mraba 32 tukiondoa mlango na dirisha; lita moja hufunika kama mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, yaani kwa kupaka mara moja, na tunapaka mikono miwili, hivyo makopo mawili ya lita 4 yanatosha na kubaki. Anzeni na pembe na kingo kwa brashi, kisha mfuatishe rola kabla kingo hazijakauka. Mkono wa pili upakwe baada ya saa nne au zaidi, kwa kuzingatia unyevu wa siku hiyo. Kisha acheni ukuta upumzike siku nzima, maana tepu ikibandikwa juu ya rangi changa itaibandua.

Sasa tuchore matao, na vitanda vitakaa na vichwa vyake kwenye ukuta huu wa mita 3.6. Pimeni sentimita 90 kutoka kila pembe na mtie alama. Hizo ndizo katikati za vitanda vyetu viwili. Teremsheni timazi, yaani uzi wenye kizito nchani, kutoka juu mpaka kwenye alama hiyo na mchore mstari mwembamba wa penseli kuifuata. Kutoka kwenye mstari, pimeni sentimita 55 kulia na 55 kushoto, mpate upana wa sentimita 110, ambao unazidi upana wa kitanda kwa sentimita tisa kila upande. Chini, matao yanaanza sakafuni. Kwenye kimo cha sentimita 105, chora mstari mlalo kwa kutumia pima maji. Hapo ndipo nguzo za tao zinapokoma na mviringo unapoanza.

Kwa mviringo tunatumia uzi na penseli. Uzi usiwe wa kuvutika. Uzi wa katani ni bora kuliko wa nailoni. Mmoja anabana ncha ya uzi kwa kidole gumba pale mstari wa wima unapokutana na mstari mlalo, na mwingine anashika penseli iliyofungwa kwenye uzi kwa umbali wa sentimita 55 kamili. Mnaona hapa, mdogo ndiye anayebana na dada ndiye anayezungusha, kisha kwenye tao la pili watabadilishana. Penseli isimame wima wakati wote, kwa sababu ikilala hata kidogo mviringo unapotoka na hautakutana na nguzo upande wa pili. Kilele cha tao kitafika sentimita 160, na kati ya matao mawili itabaki nafasi ya sentimita 70, ambayo inatosha kwa meza ndogo ya taa.

Bandikeni tepu ya karatasi nje ya mstari. Kwenye nguzo ni rahisi. Kwenye mviringo kateni vipande vifupi vya sentimita tatu au nne, kila kimoja kikipanda kidogo juu ya mwenzake, halafu msawazishe ukingo wa ndani kwa ncha ya kisu bila kukandamiza. Ifuatayo ni hatua ambayo wengi hawaijui, nayo ndiyo inayotofautisha ukingo mkali na ukingo wenye manyoya: kabla ya rangi ya tao, pakeni ukingo wa ndani wa tepu kwa ileile rangi ya msingi. Rangi hiyo itapenya na kuziba matundu madogo chini ya tepu, na kwa kuwa ni rangi ya ukuta wenyewe, haitaonekana. Ikikauka, pakeni rangi ya tao mikono miwili. Kila tao lina chini ya mita mbili za mraba, kwa hiyo kopo la lita moja kwa kila msichana linatosha na kubakiza akiba. Tepu itolewe wakati mkono wa pili bado haujakauka kabisa, ikivutwa polepole kwa mshazari kuelekea nje ya tao.

Juu ya matao tunapiga mkanda wa chapa, na huu ni wa wote wawili. Tumechukua umbo la ua la duara kama yale yaliyochongwa kwenye milango ya kale ya Zanzibar na Lamu, tukalirahisisha ili likatike kwa kisu. Filamu ya zamani ya eksirei inafaa sana kwa stensili, yaani kigezo kilichokatwa umbo ambalo rangi hupita na kuacha chapa ukutani, kwa kuwa ni ngumu, haichaniki na huoshwa kwa maji. Jalada la plastiki la faili nalo linafaa. Stensili yetu ina urefu wa sentimita 30, kwa hiyo chapa 12 zinajaza ukuta mzima bila kukata hata moja. Tafuteni katikati ya ukuta, sentimita 180, chora mstari mlalo kwenye kimo cha sentimita 170, kisha muanze hapo katikati na kuelekea pembeni: dada chapa sita upande wake, mdogo wake, akiwa juu ya kiti imara na mtu mzima amemshika, chapa sita upande wake.

Kosa la kawaida kwenye stensili ni rangi nyingi. Chovyeni ncha ya brashi tu, muipangusie kwenye kitambaa mpaka ionekane kana kwamba imekauka, ndipo mgongegonge ukutani brashi ikiwa imesimama wima, bila kuiburuta. Mikono miwili mepesi ni bora kuliko mmoja mzito unaotiririka nyuma ya stensili. Kila baada ya chapa mbili, futeni mgongo wa stensili.

Ukuta wa mkabala tumeutengea kanga. Doti moja ina vipande viwili vinavyofanana, na kwa chumba cha ndugu wawili sioni pambo linalofaa zaidi, kwani kila mmoja anapata kipande kizima. Chagueni doti pamoja na msome jina lake kwanza, kwa maana maneno hayo watayaona kila wanapoamka. Wapo wanaobandika kitambaa moja kwa moja ukutani kwa gundi ya wanga. Kwa pwani siipendekezi njia hiyo, kwa sababu wanga hulisha ukungu na huita mende. Fueni kanga kwanza, zikiwa peke yake, ili zinywee na kutoa rangi ya ziada, kisha zipigeni pasi na mzipime upya. Kwa kawaida kipande ni takriban sentimita 150 kwa 110. Shoneni mkanda wa marikani wenye upana wa sentimita nane kuzunguka kila kipande, ili kinachokunjwa nyuma ya fremu kiwe marikani na pindo libaki lote mbele.

Fremu ni ya mbao za inchi moja kwa mbili, yenye ukubwa sawa na kanga, na upau mmoja katikati. Kazeni kitambaa kwa pini za stepla mkianza katikati ya kila upande, na pembe ziwe za mwisho, la sivyo pindo litapinda. Kila fremu itundikwe kwa skrubu mbili zilizoingia kwenye plagi za plastiki, na nafasi ya kama sentimita 20 kwenye kila pembe na kati ya fremu mbili.

Rudisheni vitanda rangi ikiwa imekauka kwa siku mbili angalau, mkiviacha mbali na ukuta kwa upana wa kidole. Kuta zisioshwe kwa wiki mbili hadi nne. Rangi iliyobaki ihamishieni kwenye chupa ndogo zenye vifuniko vya kukaza, mkiandika juu ya kila moja jina la rangi, tarehe na mwenye tao, kwa ajili ya kurekebisha mikwaruzo.