Kibao Kiko Shambani, Nyumba Iko Makumbusho: Kupiga Picha Alama za Bluzi Mississippi

Habari za jioni, wapiga picha wenzangu. Nimeombwa nizungumzie alama za bluzi, muziki wa Wamarekani Weusi, zilizosimama kando ya barabara huko Mississippi, kusini mwa Marekani. Nianze na picha nisiyoipenda. Tazameni ukutani: nguzo, magitaa makubwa ya buluu, namba za barabara, 61 na 49. Hapo ni Clarksdale. Ukifika utakuta wageni wakingojea zamu ya kusimama chini yake, na nyuma yao magari na nyaya za umeme.

Wanamfuata Robert Johnson, mpiga gitaa wa bluzi anayesimuliwa kuwa alimuuzia shetani roho yake njia panda usiku wa manane ili apewe ufundi wa gitaa. Mliokulia pwani hamtashangaa. Kwetu nako makafara na dawa hutupwa njia panda, na mtoto huonywa asiguse. Lakini kisa hicho kilisimuliwa kumhusu mpiga gitaa mwingine, Tommy Johnson, na msimulizi alikuwa ndugu yake, LeDell. Robert alifundishwa na binadamu, Ike Zimmerman, wakifanya mazoezi makaburini usiku, mahali wasipomkera mtu. Na barabara ya 61 yenyewe siku hizi inauzunguka mji. Nguzo ile basi ni ya wageni. Ipigeni picha, msione haya, kisha ondokeni mapema.

Zenye maneno ni zile alama za Mississippi Blues Trail, njia ya kumbukumbu za bluzi: vibao vya buluu. Cha kwanza kilisimikwa Desemba 2006 pale Holly Ridge, alikozikwa mpiga gitaa Charley Patton, na leo vimepita 200. Upande wa mbele una jina na maelezo mafupi, herufi zimeinuka juu ya chuma. Upande wa nyuma una bamba lenye picha za zamani na maelezo marefu. Wengi wetu hupiga mbele tukarudi garini. Jamani, zungukeni! Kazi ya watafiti iko nyuma, na nyuma ndiko kunakochakaa haraka.

Sasa ufundi kidogo. Eneo lile, wanaloliita Delta, ni tambarare tupu. Hakuna kilima cha kukukinga na jua. Saa saba mchana rangi ya kibao inang'aa mpaka husomi kitu. Nenda asubuhi, au jioni jua likianza kuinama, mwanga uje kwa ubavuni: kila herufi itatupa kivuli chake na maandishi yatasomeka hata kwenye picha ndogo. Kichujio cha kupunguza mng'ao husaidia kwa nyuma zaidi kuliko mbele. Ukishapata picha ya kusomeka, rudi nyuma hatua nyingi. Lenzi ya milimita 35 inatosha. Mimi sipendi kibao kizidi theluthi ya fremu, maana kibao ni cha juzi tu. Kilichozaa muziki ni shamba lililo nyuma yake.

Dockery inanionyesha hivyo kuliko pahali pengine. Ni shamba la pamba kati ya Cleveland na Ruleville. Mamia ya familia za Weusi walilima pale kwa kugawana mavuno na mwenye ardhi, na Patton aliishi humo. Mwanabluzi Howlin' Wolf alijifunza gitaa kwake. Ghala la mbegu za pamba bado limesimama, na ukutani pake pameandikwa kwa herufi kubwa kwamba shamba lilianzishwa 1895 na Will Dockery. Picha ya ghala hilo ni nzuri mno, na ndiyo taabu yake: inatangaza jina la tajiri. Waliochuma pamba hawakuandikwa popote. Ndiyo maana pale huwa natafuta pembe itakayoingiza ghala na kibao cha buluu pamoja, ili jina la mpiga gitaa lionekane mbele ya jina la mwenye shamba.

Shamba la Stovall, karibu na Clarksdale, ni kinyume chake. Hapo Alan Lomax, mkusanyaji wa nyimbo za kienyeji, alimrekodi mwanabluzi Muddy Waters mwaka 1941, nyumbani kwa Muddy, miaka miwili kabla hajahamia Chicago. Ukienda leo utapiga kibao na uwazi. Nyumba ya mbao iling'olewa, ikazungushwa maonyesho, sasa imo ndani ya makumbusho ya Delta Blues Museum mjini Clarksdale. Ubao wake mmoja hata uligeuzwa gitaa. Mtu anayeonyesha picha ya kibanda bila kusema kiko ndani ya jengo anawadanganya watazamaji, hata kama hakukusudia.

Po' Monkey's, karibu na Merigold, ilikuwa kilabu cha mbao na mabati katikati ya mashamba. Mwenyewe, Willie Seaberry, alilala humo humo, na usiku wa dansi alikuwa akibadilisha suti kila mara. Alifariki 2016, milango ikafungwa, na 2018 vitu vya ndani vikapigwa mnada. Mwaka 1939 Marion Post Wolcott, mpiga picha wa serikali, aliingia kilabu cha namna hiyo Clarksdale akapiga watu wakicheza. Hakupiga kibao, hakikuwepo. Kwa hiyo palipo na kilabu hai, ombeni ruhusa muingie ndani.

Nimalizie na makaburi. Robert Johnson alifariki Agosti 1938, na ana mawe matatu: karibu na Morgan City, Quito, na Little Zion kaskazini mwa Greenwood. La Little Zion ndilo lenye ushahidi wa mke wa mchimba kaburi. Mimi hupiga yote matatu kwa lenzi ile ile, urefu ule ule, kisha nayapanga sambamba, kwani moja peke yake lingejifanya limemaliza ubishi. Watu huacha chupa na sarafu, msizipange upya. Ibada ikiendelea, subirini nje.

Barabara inayopita Little Zion inafika kijiji cha Money, kwenye magofu ya duka linalohusishwa na mauaji ya Emmett Till, kijana Mweusi wa miaka 14, mwaka 1955. Kibao chake, cha njia ya kumbukumbu za haki za raia, kilikwanguliwa 2017, kisha picha na maandishi ya nyuma yakabanduliwa. Aliyekuwa amezunguka nyuma kabla ya hapo alibaki na picha yake nzima.