Viza Ni Hodi Tu: Kukaa Nje Muda Mrefu Wakati wa Maradhi ya Kuenea

Mhadhara kwa wasafiri na wazazi wa wanafunzi, Mjini Unguja

Assalaamu alaykum. Wazee wangu, ndugu zangu, na nyinyi vijana mliobanana kule mlangoni.

Viza ni ruhusa ya kwenda kupiga hodi. Anayeitikia "karibu" ni ofisa wa uhamiaji uwanjani, na siku za maradhi mbele yake husimama mtu wa afya. Februari 2021, siku za korona, Oman iliwazuia wasafiri kutoka nchi 10, Tanzania ikiwemo, pamoja na yeyote aliyepita nchi hizo ndani ya siku 14 kabla ya kufika. Mtu ana viza safi ya kumtembelea dada yake Maskati, na hata kwenye ndege hapandi.

Lakini tazameni milango ilivyofungwa. Haikufungwa sawasawa kwa wote. Uingereza iliifungia Tanzania Januari 22, 2021, ila raia wake na wenye haki ya ukaazi waliendelea kuingia. Kuanzia Februari 15 walitakiwa kukaa karantini hotelini siku 10 kwa gharama zao, pauni 1,750 kwa mtu mzima aliye peke yake. Ghali, ndiyo, lakini waliingia. Ulaya nayo Machi 2020 ilisimamisha safari zisizo za lazima, na wenye ukaazi wa muda mrefu wakaachwa warudi majumbani mwao. India ilisitisha viza karibu zote Machi 13, 2020. Ilipolegeza Oktoba, nyingi zilifufuliwa, isipokuwa za kielektroniki, za utalii na za matibabu. Mgonjwa mwenye viza ya zamani alilazimika kuomba mpya, na anayemuuguza pia.

Maana yake ni kwamba aina ya viza ndiyo inayoamua nani atabaki nje mlango ukifungwa, na ya matembezi hufa mwanzo. Kwa hiyo mwenye nia ya kukaa miezi minane asichukue viza ya matembezi kwa kuwa ni nyepesi, akitumaini kuibadilisha akishafika. Nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja ya pamoja, humpa mgeni siku 90 ndani ya kila siku 180, na siku ya kuingia huhesabiwa kama ilivyo ya kutoka. Aliyeingia Machi 1, siku yake ya 90 ni Mei 29. Wengi husema "miezi mitatu" wakaweka tiketi Juni 1, hao tayari wamezidisha. Ukitaka zaidi ya siku 90, omba viza ya taifa ya nchi husika, ile ya herufi D, kabla ya kuondoka.

Zipo pia viza za kufanya kazi kwa mtandao, zilizozaliwa na korona yenyewe. Barbados ilianza Julai 2020: miezi 12, ada dola 2,000, na kipato cha dola 50,000 kwa mwaka. Hiyo tuwaachie wenyewe. Morisi, jirani yetu wa bahari hii, iliweka sharti la dola 1,500 kwa mwezi, bila ada. Kijana anayetengeneza programu kwa wateja wa nje anaweza kuifikiria, mradi pesa hizo zionekane kwenye taarifa za benki.

Sasa saa 72, na hapa nitakaa kidogo. Sharti la cheti cha kipimo cha korona kisichozidi saa hizo ndilo lililowaangusha watu wengi, na si kwa kukosa cheti. Saa zilihesabiwa tangu sampuli ilipochukuliwa puani, si tangu majibu yalipochapishwa. Halafu uliza: hadi lini? Hadi ndege ya kwanza kuruka, hadi ya mwisho, au hadi kufika? Kila nchi ilikuwa na lake. Chukueni mfano: sampuli Jumatatu saa 3 asubuhi, ndege inaondoka Unguja Jumatano saa 10 jioni. Hapo zimekwenda saa 55, salama. Ukisubiri Addis Ababa usiku kucha, ukafika uendako Alhamisi saa 5 asubuhi kwa saa za kwetu, zimetimia 74. Nchi inayohesabu hadi kufika haikupokei, hata kama umezidisha saa mbili tu. Anayetoka Pemba asipime kabla ya kuvuka, maana bahari ikichafuka boti hazitoki, na cheti kinazeeka gatini Mkoani. Avuke siku mbili mapema, apime Unguja.

Na tuambizane ukweli, saa zetu za Kiswahili zimetuponza. Fomu ya mtandaoni inataka 09:00, mtu anajaza 03:00 kwa kuwa sampuli ilichukuliwa saa 3. Saa sita zimepotea kwa kalamu yake mwenyewe. Tiketi inayosema Jumatano 00:30 ni usiku wa kuamkia Jumatano. Ukiswali Isha ya Jumatano ndipo uende uwanjani, ndege imeondoka tangu usiku uliotangulia.

Kadi ya homa ya manjano huanza kufanya kazi siku 10 baada ya chanjo, na tangu Julai 11, 2016 hudumu maisha. Kadi ya zamani iliyoandikwa miaka 10 haina haja ya kubadilishwa. Ila itazame: namba ya toleo la chanjo, saini, mhuri. Kadi iliyofutwafutwa inaweza kukataliwa, kwa hiyo ikikosewa jina usikubali kurekebishiwa kwa kalamu; omba nyingine. Majina ndiyo ugonjwa wetu. Pasi inasema Khamis, cheti cha kipimo Hamisi, kitambulisho cha Mzanzibari kina Hamis. Fuata pasi, herufi kwa herufi, na namba ya pasi iandikwe kwenye cheti. Anayekwenda Uingereza kwa zaidi ya miezi 6 aongeze cheti cha kupimwa kifua kikuu, nacho hudumu miezi 6, basi asikikimbilie mapema mno.

Ukishafika, kuna hesabu nyingine. Katika Falme za Kiarabu, ukaazi wa kawaida huzimika mwenye nao akikaa nje zaidi ya miezi 6 mfululizo. Korona ilipofunga anga walilegeza, lakini ni hisani, usiiwekee bajeti. Na ukikwama Ulaya kwa ndege kufutwa, sheria ya Schengen inaruhusu kuongezewa muda bure kwa sababu iliyo nje ya uwezo wako. Omba kuongezewa wakati viza yako bado hai, hata ikibaki siku moja, na uende na ujumbe wa shirika la ndege umechapishwa kwenye karatasi, tarehe na namba ya safari zikisomeka.