Risasi iliyolala mfupani

MWANAIDI: Karibuni. Leo tunaanza na swali ambalo mjamzito akiulizwa kwa ukali hulikana palepale: unakula udongo?

JUMA: Anakana, na kipande kiko kwenye mkoba.

MWANAIDI: Ndiyo maana muulizaji inampasa aulize kwa adabu: unakula vipande vingapi kwa siku, na unanunua wapi? Hamu ya udongo mara nyingi huandamana na upungufu wa madini chuma. Na udongo wenyewe, huo wanaouita pemba, hunasa chuma tumboni kisifike kwenye damu. Basi anakula kwa sababu chuma kimepungua, na kadiri anavyokula kinazidi kupungua.

JUMA: Mimi ningesema apigwe marufuku tu.

MWANAIDI: Marufuku atakuitikia, kisha atakula usiku. Mpime wingi wa damu kwanza. Ikiwa chini ya gramu 11 kwa desilita, huo tayari ni upungufu, atibiwe. Wengi hamu huisha chuma kikirudi. Sasa kinachotutia hofu zaidi: baadhi ya udongo unaouzwa kwa kula umepimwa ukakutwa na risasi. Namaanisha madini ya risasi, si ya bunduki.

JUMA: Na hapo chuma kinaingia tena.

MWANAIDI: Sana! Kwenye utumbo, chuma na risasi hupita mlango mmoja. Chuma kikipungua, mwili unafungua mlango wazi, na risasi inaingia kwa wingi kuliko kwa mtu aliyeshiba chuma. Kalsiamu ikipungua ni vivyo hivyo.

JUMA: Ikishaingia?

MWANAIDI: Damuni haikai sana, kila mwezi hivi hupungua kwa nusu. Lakini nyingine inahamia mfupani, na huko inalala miaka, hata makumi ya miaka, kwa sababu mfupa unaidhania kalsiamu. Ujauzito ukija, mtoto anahitaji gramu 30 hivi za kalsiamu, sehemu kubwa katika miezi mitatu ya mwisho. Chakula kisipotosha, mwili unachota mfupani. Risasi inaamka pamoja nayo, inavuka kondo la nyuma bila kizuizi, na kiasi kilichomo damuni mwa mtoto kinakaribiana na cha mama.

JUMA: Hebu tuwape wasikilizaji mfano. Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri chakavu kilianza 2007 ukutani kabisa mwa makazi, kikafungwa 2014. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamua wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, kesi ikapanda rufaa. Msichana aliyekuwa na miaka 7 mwaka 2010, leo ni umri wa kuzaa.

MWANAIDI: Na mfupa wake haujui kwamba kiwanda kimefungwa. Mama mwenyewe anaweza asihisi chochote. Mtoto ndiye anayeonyesha: kuzaliwa njiti au na uzito mdogo, kisha kuchelewa maneno, kushindwa kutulia kwenye jambo moja, kupungukiwa uwezo wa kujifunza. Shirika la Afya Duniani, mwongozo wa 2021, linasema ukikuta mikrogramu 5 kwa desilita ya damu, tafuta chanzo ukiondoe. Ila hakuna kiwango kilichothibitishwa kuwa salama.

JUMA: Kipimo hicho zahanati ya kawaida hawana.

MWANAIDI: Hawana. Kwa hiyo tunauliza kazi. Baba anafanya nini? Akiwa fundi betri au anayeyusha vyuma, vumbi linarudi nyumbani kwenye nguo. Abadilishe kazini, aoge kabla ya kumshika mtu, nguo zifuliwe peke yake. Nyumba isifagiliwe kavu, ipigwe deki kwa maji.

JUMA: Hapo ndipo lawama inapomwangukia mama wakati vumbi ni la mshahara wa baba. Anayefua ni yeye, mimba ikiwa ya miezi saba.

MWANAIDI: Ndiyo, basi na baba aitwe kliniki. Tena na sufuria: zile za kusubu kutoka vyuma chakavu zinaweza kuachia risasi, zaidi ukipika vitu vichachu kama nyanya au ukwaju. Vitu hivyo vichachu pikia chungu kisichopakwa rangi ya kung'aa, au sufuria ya chuma cha pua.

JUMA: Vidonge je?

MWANAIDI: Kile cha kliniki, miligramu 60 za chuma na mikrogramu 400 za foliki, kila siku. Asikimeze na chai, ikae angalau saa moja mbali, maana chai inazuia chuma. Choo kitakuwa cheusi. Wengi wanaogopa wanaacha, waambiwe mapema. Kalsiamu akipewa, aimeze saa nyingine, si pamoja na chuma. Chakulani, maziwa, na dagaa waliwe na mifupa yao. Dawa ya minyoo ni baada ya miezi mitatu ya kwanza.

JUMA: Akishajifungua, anyonyeshe?

MWANAIDI: Anyonyeshe. Risasi ya maziwani kwa kawaida ni ndogo, na faida ya ziwa ni kubwa. Akiwa na kiwango cha juu sana daktari ataamua. Ninachoogopa baada ya kuzaa ni wanja wa manga. Ule wa asili husagwa kutoka jiwe lenye risasi, halafu bibi anampaka mtoto wa siku saba machoni. Mtoto anajifikicha, anatia mkono mdomoni.

JUMA: Wa dukani, ulioandikwa hauna risasi?

MWANAIDI: Umewahi kupimwa wa namna hiyo, ukakutwa nayo.

JUMA: Basi bibi amnyoe nywele tu.