Mkono wa Suárez na saa ya Shangazi

ZUHURA: Saa ninayo, ipo hapa kifuani. Usiniulize tena.

BARAKA: Siulizi, naisoma mwenyewe. Kwangu imepinduka, ila naona muda tunao tele.

ZUHURA: Imepinduliwa ili asome aliyeivaa. Vidole viko kwenye kifundo cha mgonjwa, macho yanashuka tu kifuani. Wasikilizaji, Jumamosi tulimzika Shangazi, yule muuguzi mstaafu ninayemtaja kila Kombe la Dunia. Wasifu niliusoma mimi.

BARAKA: Nilikuwa safu ya tatu. Ulianza vizuri. Miaka 36 ya wodi, zamu za usiku, watu wanafuta machozi...

ZUHURA: Maliza.

BARAKA: Halafu akaingia Suárez.

ZUHURA: (anacheka) Ningemwachaje?

BARAKA: "Marehemu aliamini hadi mwisho kwamba Luis Suárez hakukosea." Msibani, Zuhura! Mzee aliyekaa mbele yangu aligeuka akanikazia macho, utadhani mwandishi ni mimi.

ZUHURA: Kwa waliokuwa wadogo: Julai 2, 2010, robo fainali, Johannesburg. Ghana na Uruguay moja moja, dakika za nyongeza zinakata roho. Adiyiah wa Ghana anapiga kichwa, mpira unaingia, Suárez wa Uruguay anautoa mstarini kwa mikono. Kadi nyekundu, penalti.

BARAKA: Gyan akagonga mtambaa panya. Basi, tusiendelee.

ZUHURA: Shangazi hakuiona ile penalti.

BARAKA: Hakuiona?

ZUHURA: Kila penalti alijishika mkono akahesabu mapigo yake, macho kwenye saa. Nikamwambia hesabu sekunde 15, zidisha kwa nne, utaiwahi. Akanijibu bila kuinua kichwa: "Moyo unaoruka huhesabiwa dakika nzima." Alichosikia ni sebule nzima kunyamaza.

BARAKA: Kumbe tunabishana na shahidi asiyeona!

ZUHURA: Mkono aliuona. Alisema mtu kakosa mchana kweupe, katolewa, Ghana wamepewa penalti yao, na nusu fainali hakucheza. Deni gani tena?

BARAKA: Deni gani? Alitoka analia, Gyan alipokosa akashangilia palepale njiani! Mwenye kulipa deni hashangilii hivyo. Halafu mama huyuhuyu, umetusimulia mwenyewe, hakuruhusu neno lifutwe kwenye faili la mgonjwa.

ZUHURA: Ukikosea, unapiga mstari mmoja, kosa libaki linasomeka, unasaini.

BARAKA: Na aligombana na mwenzake...

ZUHURA: Aliyejaza joto la wodi nzima akiwa amekaa mezani. Wagonjwa wote 36.8, kipimajoto kikavu. Hawakusalimiana hadi mmoja akahama wodi.

BARAKA: Sasa mtu wa namna hiyo anamteteaje mdanganyifu?

ZUHURA: Suárez hakuficha kitu! Kosa linasomeka, saini ipo. Wa mezani ndiye aliyedanganya.

BARAKA: Saini ya nani? Suárez alikamatwa. Aliyesaini ni mwamuzi.

ZUHURA: Hata angesaini mwamuzi, faili ni safi.

BARAKA: Faili safi, Ghana nyumbani. Kwenye hilo Shangazi alipotoka, Mungu amrehemu, na wewe ulipotoka zaidi kuliweka kwenye wasifu.

ZUHURA: Siliondoi.

BARAKA: Nami sikubali.

ZUHURA: Usikubali.

(kimya)

BARAKA: Tuliahidi mambo matatu ya kuzingatia unapoandika wasifu wa marehemu.

ZUHURA: Zimebaki dakika mbili.

BARAKA: Mbona huku naona nyingi?

ZUHURA: Imepinduka, Baraka.

BARAKA: Haya, hayo matatu tuyaache. Niambie tu, Morocco 2022 aliiwahi?

ZUHURA: Aliiwahi akiwa kitandani. Morocco na Hispania wakaenda kwenye matuta. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kutetemeka, havikamati mapigo. Akavua saa, akanibandika mimi, akanyoosha mkono. "Nihesabie."

BARAKA: Ukahesabu.

ZUHURA: Ngozi nyepesi kama karatasi, mapigo yanakimbia chini yake. Nikamwambia 104. Akaniuliza, "Dakika nzima?" Nikasema nzima. Tukashinda, Hakimi akamaliza kwa kuudokoa katikati, kipa keshalala upande. Mpira ulivyopaa pole pole vile!

BARAKA: Subiri. Macho yalikuwa kwenye saa dakika nzima, ya Hakimi uliionaje?

ZUHURA: Muda umekwisha.

BARAKA: Zuhura.

ZUHURA: Tukutane wiki ijayo.