Mwachie Usukani: Kumsaidia Mgonjwa, Mfiwa na Anayepigwa Nyumbani

MWANAIDI: Karibuni sana wasikilizaji. Mimi ni Mwanaidi, muuguzi wa tiba shufaa. Kazi yangu ni kuwa na watu wenye maradhi mazito, pamoja na wale wanaowauguza. Niko na kaka yangu Salum.

SALUM: Ahsante dada. Mimi ni mshauri nasaha. Wengi wanaokuja kwangu ni wafiwa, na wanawake waliotoka kwenye nyumba zenye vipigo, au ambao bado wamo. Msikilizaji mmoja ametuuliza: mtu wangu wa karibu yamemfika makubwa, nimsaidieje bila kumwongezea?

MWANAIDI: Nianze na mzee mmoja niliyemhudumia. Saratani ilikuwa imeingia kwenye mifupa. Watoto wake walimpenda kwelikweli: wanamlisha, wanamgeuza, wanamfuta uso. Siku moja binti yake anamfuta jasho, mzee akaushika ule mkono. Akasema, "Nipe hicho kitambaa." Akaanza kujifuta mwenyewe. Paji la uso, nyuma ya masikio, shingo. Mkono unatetemeka, maji yanamchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Ilichukua kama dakika kumi hivi. Binti ananitazama mimi, macho yanauliza, nimsaidie? Nikatikisa kichwa.

SALUM: Mzee akamaliza?

MWANAIDI: Akamaliza, akakikunja kitambaa, akamrudishia. Usiku ule alilala. Ugonjwa humnyang'anya mtu maamuzi yake moja baada ya jingine: ale saa ngapi, alale ubavu gani, nani aingie chumbani. Na sisi tunaompenda, kwa haraka zetu, tunamalizia yaliyobaki. Linaloniuma zaidi ni yale mazungumzo ya juu ya kitanda. Daktari anaongea na mtoto mkubwa, mgonjwa kalala pale katikati kama hayupo. Jamani, ugonjwa ni wake! Mwulizeni yeye kwanza: ungependa kujua kiasi gani, na nani awepo ukiambiwa? Wapo wasiotaka kujua yote, na hiyo ni haki yao. Ila waseme wenyewe.

SALUM: Na maumivu, dada? Maana watu wakisikia mofini, ile dawa kali ya kutuliza maumivu, wanashtuka.

MWANAIDI: Wanashtuka, na ndugu wengine huificha dawa kabisa wakihofia mgonjwa atakuwa teja. Hofu hiyo imewaacha wengi wakilia usiku kucha bila sababu. Cicely Saunders, aliyefungua St Christopher's, nyumba ya kuwatunza wagonjwa wanaokaribia kufa, huko London mwaka 1967, alianza kama muuguzi, akahudumu kwenye ustawi wa jamii hospitalini, halafu ndipo akasomea udaktari. Nadhani ndiyo maana aliona mengi. Alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa wa aina hii hayako mwilini tu. Yamo kwenye wasiwasi, kwenye watoto atakaowaacha, kwenye imani yake. Na alisisitiza dawa itolewe kwa saa, kabla maumivu hayajarudi, ili mgonjwa asilazimike kuomba. Sisi wauguzi tunaongeza na dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza, maana mofini inafunga tumbo. Jingine la haraka: mwili unaokaribia mwisho huacha kutaka chakula. Msimlazimishe kula. Mloweshe midomo, mkae naye.

SALUM: Basi nilipokee hapo, kwenye kifo chenyewe. Mama mmoja alifiwa na mumewe. Shemeji yake akaja, mtu mwema, hana ubaya wowote, akafua kila kitu. Mashuka, mashati, taulo. Yule mama aliporudi chumbani aliinua mto akaunusa. Foronya inanukia sabuni. Aliniambia, "Nilifiwa mara mbili, ya pili ilikuwa siku ile ya kufua."

MWANAIDI: Hapo hata kumlaumu shemeji huwezi.

SALUM: Huwezi. Hakuuliza tu. Angesema, "Nianze na vyombo? Chumbani niguse nini, niache nini?" Mfiwa wa siku ya tatu hana nguvu za kukupangia kazi, ndiyo maana ile "ukihitaji chochote niambie" haimfikii. Lakini swali dogo, la ndiyo au hapana, analiweza. "Kesho naweza kuwapeleka watoto shule?" Ndiyo. Basi.

MWANAIDI: Na wale wanaomhesabia mfiwa hatua za majonzi? Sasa uko kwenye hasira, bado kukubali...

SALUM: Hilo linanikera, na nitalisema kila nikipata nafasi. Hizo hatua tano, kukana, hasira, kujadiliana, huzuni na kukubali, zilitangazwa na daktari wa akili Elisabeth Kübler-Ross mwaka 1969, na zilitokana na mazungumzo yake na wagonjwa waliokuwa wanakabili kifo chao wenyewe. Wafiwa waliunganishwa baadaye. Mimi maelezo yanayonisaidia zaidi ni ya watafiti wa majonzi Margaret Stroebe na Henk Schut, mwaka 1999: mfiwa huenda na kurudi. Asubuhi analia, mchana anashughulikia karatasi za benki na kucheka na mtoto, jioni analia tena. Kule kucheka hakumaanishi amesahau. Ndiko anakopumulia. Kwa hiyo ukimkuta anacheka, cheka naye. Na usiogope kumtaja marehemu kwa jina. Watu huliepuka jina wakidhani watamkumbusha. Kwani alisahau?

MWANAIDI: Hapana, kaka. Kuna wakati lakini msaada wa rafiki hautoshi?

SALUM: Upo. Miezi inapita, mwaka unapita, na mtu hawezi kabisa kuishi siku yake, au anazungumzia kujiua. Huyo anahitaji mtaalamu, na akitaja kujiua ni siku hiyohiyo. Mwulize waziwazi kama anawaza kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo.

MWANAIDI: Tuje kwenye vipigo. Najua hili kwako ni zito.

SALUM: Ni zito kwa sababu nilikosea. Kabla sijasomea kazi hii, rafiki yangu alinifuata usiku, mdomo umepasuka. Nikawa simba. Nikapiga simu kwa kaka zake, nikasema harudi pale, nikapanga kesho yake itakuwaje. Sikumwuliza swali hata moja. Asubuhi akarudi kwa mumewe, na kwa miaka miwili hakunieleza tena chochote. Nilikuja kuelewa baadaye: alitoka kwa mtu anayemwamulia, akakuta mwingine anayemwamulia.

MWANAIDI: Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

SALUM: Ndiyo hivyo. Yeye alikuwa anajua nisilolijua, kwamba akitoka vibaya atauawa. Wakati wa kuondoka, na siku zinazofuata, ndio wa hatari zaidi. Shirika la Afya Duniani lilitoa makadirio mwaka 2021 kwamba karibu mwanamke 1 kati ya 3 amewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono maishani mwake, wengi wao na wenza wao. Kwa hiyo huenda unayemsikiliza si mgeni kwako. Mwambie, "Nakuamini. Kosa si lako." Halafu uliza: ungependa nini kiwe leo? Kama bado hajaamua kutoka, mpangeni usalama: vyeti na akiba vikae kwa mtu wa kuaminika, mtoto ajue nyumba ya kukimbilia, jirani apewe neno la siri. Na usimtumie ujumbe wa simu kabla hujajua nani anaisoma.

MWANAIDI: Mimi niongeze la kitabibu. Akikuambia alikabwa koo, usisubiri uone alama. Mara nyingi ngozi haionyeshi kitu, na ndani kuna jeraha. Sauti ikikwaruza, akimeza kwa shida, hata asipokuwa na dalili, apelekwe kuchunguzwa. Na kukabwa ni ishara kwamba mtu huyo anaweza kuua.

SALUM: Hapo sauti yangu nitaipandisha, ila uamuzi utabaki wake. Mtoto akiwa hatarini ni jambo jingine. Mtoto hana usukani wa kuachiwa, lazima mtu mzima achukue hatua. Na ule usuluhishi wa kuwakalisha mume na mke pamoja ili "wayamalize", mimi siukubali. Ataongeaje ukweli na anayempiga kakaa ubavuni?

MWANAIDI: Kuna mwanamke ambaye haya yote yalimkuta ndani ya nyumba moja. Alimuuguza mume aliyekuwa akimpiga miaka yote, mpaka mume akafariki. Mimi ndiye niliyekuwa naenda pale. Watu wanakuja, wanasifu, "Alikuwa mtu wa watu." Yeye kakaa, hana chozi. Wengine wakaanza kumnong'ona.

SALUM: Alikuwa anahisi nini?

MWANAIDI: Aliniambia jikoni, kwa sauti ya chini, "Nimepumua, na nimemkumbuka. Vyote viwili." Nikamwuliza, unataka nikae, au niwatoe watu kidogo? Akasema niwatoe. Nikatoka nikawaambia anahitaji kulala. Niliporudi alikuwa ameketi chini, ameegemea ukuta, anazikusanya chupa za dawa za marehemu kwenye mfuko. Sikumsaidia kuzikusanya. Nilimshikia mfuko.