Kijana wa Itaga, Septemba 1916

Wazee wangu, ndugu zangu, nanyi vijana mliosimama huko nyuma, mwangaluka!

Nimeombwa nizungumzie askari kijana wa Unyamwezi aliyekufa katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Jina sitampa, maana kumtungia jina ni kumdhulumu mara ya pili. Nitamweleza kwa tunayoyajua juu ya rika lake.

Tuseme alizaliwa miaka ya 1890. Baba yake na babu yake walikwenda pwani na misafara, mzigo begani. Enzi hizo kijana asiyefika pwani alihesabiwa bado mtoto. Reli ikafika Tabora mwaka 1912, Kigoma mwaka 1914, na upagazi wa masafa marefu ukafa. Wengine wakaenda kujiandikisha uaskari kwa Mjerumani, aliyeitawala nchi hii wakati huo. Wapo wanaosema walimpenda Mjerumani; mimi sisadiki. Mshahara ulizidi wa kibarua wa shamba, na askari alikuwa mtu wa kuogopwa. Tusimpambe lakini: raia walimjua kwa kodi na kwa kiboko.

Bunduki yake sasa. Vita ilipoanza mwaka 1914, kampuni nyingi bado zilikuwa na bunduki za mwaka 1871, za baruti ya moshi. Ukifyatua mara moja, wingu jeupe linapanda juu ya kichwa chako, na adui hahitaji tena kukutafuta. Na hakwenda peke yake. Nyuma ya kampuni walifuata wake na watoto, na sufuria zao; mke ndiye aliyepika, akafua, akauguza. Ajabu ni kwamba habari za wanawake hao tunazipita haraka mno.

Julai 1916 Wabelgiji, waliotawala Kongo, walitwaa Kigoma, wakapanda na reli kuja huku Tabora. Mjerumani alikuwa amekaukiwa fedha, akafua sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, katika karakana ya reli ya Lulanguru, karibu na Tabora. Mwezi Septemba Lulanguru hiyo hiyo ikawa uwanja wa vita. Siku chache baadaye zamu ikawa ya Itaga, ndiyo hii ya seminari. Hapo ndipo namweka kijana wetu. Aliyempiga, kwa uwezekano mkubwa, alikuwa kijana wa Kongo, naye ametumwa na mzungu wake.

Tarehe 19 Septemba Tabora ikaanguka. Wajerumani walirudi nyuma kuelekea kusini, na Wanyamwezi wengi wakatoroka: kwao ni hapa, Mahenge kule kusini wakafuate nini? Waliotekwa nao hawakupumzika wote. Mwaka 1917 Waingereza waliunda kikosi cha sita cha KAR (King's African Rifles, jeshi lao la askari Waafrika), wakakijaza waliokuwa askari wa Mjerumani. Kwa hiyo mwenzake wa Itaga, waliyekula naye chungu kimoja, huenda alimaliza vita akiwafyatulia risasi wenzao waliobaki na Mjerumani.

Mzee pale mbele ameshanyoosha mkono. Karibu, mzee.