Kaa la Moto kwa Sekunde 14

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja. Jioni hii tutazungumzia programu zinazoamua zenyewe, na kinachotokea zinapokutana nyingi. Naomba nianze na nzi.

Mwezi Aprili mwaka 2011 kitabu cha baiolojia ya nzi, ambacho kilikuwa hakichapishwi tena, kilionekana kikiuzwa kwenye tovuti ya Amazon kwa dola 23,698,655 na senti 93. Na hapo nauli ya kukisafirisha, dola 3.99, bado haijaongezwa.

Mwanabaiolojia mmoja wa Marekani, Michael Eisen, alikaa akaifuatilia bei hiyo siku baada ya siku. Akaona kuna wauzaji wawili, na kila mmoja ameiachia programu kazi ya kupanga bei. Programu ya kwanza ilitazama bei ya mwenzake ikajiweka chini yake kidogo, mara 0.9983. Ina akili: wa bei nafuu ndiye anayepata mteja. Ya pili ilitazama ya kwanza ikajiweka juu, mara 1.27059. Nayo ina akili yake. Eisen alikisia kwamba muuzaji huyo hakuwa hata na kitabu. Mteja akitokea, angekinunua kwa yule mwingine na kubaki na faida. Sasa zidisheni namba hizo mbili. Mnapata kama 1.27. Yaani kila zikitazamana, bei inapanda kwa karibu asilimia 27, kesho tena, keshokutwa tena.

Kagueni programu ya kwanza mstari kwa mstari, hamtaona kosa. Kagueni ya pili, vilevile. Kosa lilikuwa limekaa katikati yao, mahali ambapo hapakuwa na mwenyewe. Huko katikati ndiko ninakotaka tushinde jioni hii.

Wakala, katika fani yetu, ni programu au mashine iliyopewa lengo, inayoona kipande kidogo tu cha mambo yanayoizunguka, na inayoamua yenyewe bila kumuuliza mtu kila hatua. Wakusanye mawakala mia, au laki, waache washindane na kusaidiana, hapo una mfumo wa mawakala wengi. Swali la kwanza ni nani agawe kazi. Mwaka 1980 Reid Smith, mtafiti wa kompyuta, alitoa jibu ambalo ofisi yoyote ya ununuzi italitambua: zabuni. Mashine yenye kazi inatangaza, zenye nafasi zinaleta maombi, anachaguliwa mmoja, naye akizidiwa, anatangaza zabuni ndogo zake. Hakuna bosi anayejua kila kitu, na kazi inakwenda. Mimi hadi leo nauona ni utaratibu mzuri kuliko mingi iliyofuata yenye majina makubwa.

Mawakala hawa si lazima wawe werevu. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard waliweka mezani viroboti 1,024, kila kimoja na upana wa sarafu, kikiongea na jirani zake tu. Vikajipanga vyenyewe kuwa umbo la nyota. Ilichukua karibu saa 12, na vilivyokwenda polepole vilisababisha foleni nyuma yao. Nyota nzima, lakini, na hakuna kiroboti hata kimoja kilichoiona.

Jamii nayo tunaweza kuitazama hivyo. Mchumi wa Marekani, Thomas Schelling, alipanga sarafu za aina mbili juu ya ubao wenye miraba, matokeo akayachapisha mwaka 1971. Kila sarafu ilikuwa na sharti jepesi: nikiona walau theluthi moja ya majirani ni wa aina yangu, nimeridhika, la sivyo nahama. Hakuna sarafu inayomchukia nyingine. Baada ya kuhamahama, ubao uligawanyika mitaa iliyotengana kwa kiasi kikubwa. Anayetazama ubao ule mwishoni angeapa kwamba kulikuwa na chuki. Ndiyo maana leo tunajenga majaribio ya namna hii kwa kompyuta, yenye mamilioni ya watu wa kubuni, kabla ya kuamua kufunga shule wakati wa mlipuko wa ugonjwa.

Twendeni sasa palipouma. Tarehe 6 Mei 2010, Marekani. Kampuni moja ya uwekezaji ilitaka kuuza mikataba 75,000 ya soko la Chicago, ambayo bei yake hufuata bei za hisa za kampuni kubwa, yenye thamani ya dola bilioni 4.1 hivi. Kazi ikapewa programu yenye agizo moja: uza kiasi cha asilimia 9 ya biashara iliyofanyika dakika iliyotangulia. Bei isikuhusu. Muda usikuhusu.

Wanunuzi wa kwanza walikuwa programu za kasi, ambazo hazipendi kukaa na mzigo. Ikinunua, inamuuzia mwenzake. Mwenzake naye hautaki, anamrushia mwingine. Saa nane na dakika 45 mchana, kati ya sekunde ya 13 na ya 27, zilirushiana zaidi ya mikataba 27,000. Ukitoa na kujumlisha, zilikuwa zimenunua kama 200 tu. Kaa la moto likizunguka mikononi. Na ile programu ya muuzaji, inayopima wingi wa biashara, ikaona biashara imeshamiri. Ikauza zaidi, na bei ikaporomoka.

Kilichoizima hali ile hakikuwa wakala mwerevu kuliko wote. Sekunde ya 28, mtambo wa soko lenyewe ulisimamisha biashara ya mikataba ile kwa sekunde tano. Tano tu. Iliporudi, bei ikaanza kupanda. Hisa za kampuni mojamoja ziliendelea kuyumba kwa dakika kadhaa, nyingine zikiuzwa kwa senti moja, nyingine kwa dola 100,000.

Sasa tuna mawakala wanaojua kuongea, wanaoandika barua na kulipa kwa niaba yetu. Watu huniuliza kama wana akili ya kutosha. Mimi huuliza zile sekunde tano ziko wapi, na nani ameziweka.

Kuna karatasi imeletwa hapa mbele: "Waliopata hasara siku ile walilipwa?" Swali zuri. Masoko yalikaa jioni yakachora mstari. Biashara zaidi ya 20,000, zilizofanyika kwa bei iliyopotoka kwa zaidi ya asilimia 60, zilifutwa, kana kwamba hazikutokea. Aliyeuza kwa hasara ya asilimia 59 alibaki nayo.